Kura Zilizokaa Nyumbani

Siku ya uchaguzi, jimbo letu likitajwa redioni halipewi zaidi ya pumzi moja. "Tallgrass na Burnt Lake: Bluu." Basi, imetoka hiyo. Mtangazaji hata mate hajameza, ameshahamia jimbo la watu wenye magorofa. Mimi nikisikia hivyo hupandwa na hasira nikazima redio, na Lloyd mume wangu huiwasha tena akaniuliza, "Sasa Verna, kwani amesema uongo?"

Hajasema uongo. Tangu mwaka wa hamsini na nane hatujapeleka bungeni Ottawa mbunge asiyekuwa wa Bluu. Kabla ya hapo tulikuwa wa Machungwa, chama cha wakulima, enzi zile upepo ulipokuwa ukibeba udongo wa shamba lako ukaumwaga kwa jirani. Halafu Bluu wakaja kama mafuriko, na maji hayajapungua mpaka leo. Watu wetu wenyewe husema ukichukua nguzo ya uzio ukaipaka rangi ya bluu na kuisimamisha njia panda, itaapishwa bungeni. Kuna mwaka mgombea wa Bluu alikwenda zake kuvua samaki katikati ya kampeni, na kura zikaongezeka. Wekundu nao, chama cha tatu, walituletea kijana mmoja mwanasheria, akasimama ukumbini akauliza ngano huwa tunaichuma mwezi gani. Tunaichuma! Ukumbi mzima ulikohoa. Alipata kura mbili kwetu, zile zile ambazo Wekundu hupata kila mara, yangu na ya mwalimu wa shule, na mara ile yangu nilimpa kwa kumwonea huruma mama yake.

Lakini jambo ambalo mtangazaji halisemi ni hili. Watu wa hapa wanajua matokeo kabla hawajavaa viatu, na bado wanakuja. Nimekuwa karani wa kituo cha kura katika Ukumbi wa Nordale tangu nywele zangu zikiwa za manjano, nimeona mengi. Nimeona bibi wa Kinorwe akiletwa juu ya sleji, gari la kuburutwa juu ya theluji, wakati baridi inapasua miti. Nimeona mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akimwambia mumewe ampitishe ukumbini kwanza, hospitali baadaye. Watu wa Machungwa walikuwa wanakuja kila mara, kumi, kumi na wawili, wamechana nywele, wanashindwa, wanakula pai na kurudi nyumbani. Mimi nawaheshimu watu hawa, na nitasema hivyo mbele ya yeyote.

Waliokuwa hawaji ni wawili tu. Mmoja alikuwa Orest Petryshyn, jirani yetu wa upande wa mashariki. Wa pili, aibu yangu, alikuwa Lloyd.

Haikuwa uvivu. Ile siku ya uchaguzi wa hamsini na nane, mwezi wa tatu, dhoruba ya theluji iliziba barabara zote. Lloyd akawasha trekta aende kuwapigia Bluu. Orest naye akawasha la kwake aende kuwapigia Machungwa. Wakakutana kwenye bonde dogo kati ya mashamba yetu, wote wawili wamekwama, wakaanza kuchimbuana kwa koleo. Wamechimba mpaka jasho limeganda kwenye nyusi, ndipo Orest akauliza, "Hebu, jirani. Wewe unakwenda kupiga ya bluu, si ndiyo?"

"Ya bluu."

"Na mimi ya machungwa. Yaani tunakufa hapa ili wewe uiue kura yangu na mimi niiue yako?"

Walirudi nyumbani kwangu, wakanywa kahawa yangu yote, wakacheza karata hadi giza. Tangu siku hiyo ikawa ni mkataba. Kila uchaguzi mkuu wanakaa pamoja kutwa, kila mmoja akimlinda mwenzake asije akachomoka. Uchaguzi ukija baridi, wanacheza karata. Ukija masika, wanahasi ndama. Wanatukanana siku nzima, "wewe Mkomunisti," "wewe kibaraka wa mabenki," na jioni wanapeana mikono. Mimi nilimwambia Lloyd tangu mwanzo kwamba ni upuuzi mtupu, kwamba kura si kuku wa kubadilishana. Akanijibu, "Hesabu ni ile ile." Haya. Ukishaolewa na mtu wa kichwa kigumu unajifunza kumwaga kahawa na kunyamaza, ingawa kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Basi mwaka huu ninaousimulia, uchaguzi uliitishwa ukaangukia mwezi wa tisa, katikati ya mavuno. Na Darlene, binti pekee wa Orest, akachukua fomu ya kugombea kwa Machungwa.

Alikuja kuniambia jikoni kwangu, mafuta ya mashine bado yako mikononi. Darlene alikuwa analima yeye na baba yake tangu mama yake afariki. Alikuwa ndiye aliyewasimamia watu wa wilaya tatu kutetea reli yetu ya tawi, inayobeba ngano yetu, isifungwe, na haikufungwa. Watu wa Bluu wenyewe walimpigia makofi. Mimi nilimkumbatia, nikamwambia ukweli kama shangazi anavyopaswa.

"Mwanangu, utapigwa."

"Najua, Shangazi Verna. Jimbo silipati hata nikitembea juu ya maji ya Burnt Lake." Akacheka, halafu hakucheka tena. "Mimi nataka ukumbi tu. Nordale. Nataka nikiangalia karatasi ya matokeo nione kwamba watu walionilea walinichagua. Jimbo wachukue."

Nikapiga hesabu kichwani. Ukumbi ulikuwa umepungua watu, wazee wa Bluu wengi wamelala makaburini, na reli ile ilikuwa imewageuza wengine kimya kimya. Inawezekana, nikajiambia. Kwa kura moja, kwa kura mbili, inawezekana.

"Na Tato atapiga kura," Darlene akasema. Tato ndivyo anavyomwita baba yake. "Daktari ameniambia mimi, hajamwambia yeye, ingawa naona anajua. Mapafu yamekwisha. Uchaguzi mwingine hataufikia. Shangazi, mzee wangu hajawahi kuona jina letu kwenye karatasi ya kura. Nataka aliwekee alama kwa mkono wake."

Lloyd alikuwa mlangoni anavua mabuti. Alisikia yote. Akasimama na buti moja mkononi.

"Mkataba," akasema.

"Anko Lloyd, si utamwachilia?" Darlene akamgeukia. "Mara hii moja."

"Nitamwachilia, mtoto. Bila shaka. Unadhani mimi ni jiwe?"

Tulikwenda kwa Orest jioni hiyo hiyo, mimi na pai yangu ya matunda, Lloyd na kofia yake mkononi. Orest alikuwa amekaa sebuleni karibu na dirisha, mtungi wa oksijeni pembeni yake, mrija puani. Vumbi la nafaka lilikuwa limemla mapafu kwa miaka mingi. Mtu aliyekuwa akibeba gunia kila bega, sasa kuinuka tu kitini kulikuwa ni safari. Lakini mdomo haukuwa mgonjwa.

"Karibu, kibaraka," akasema. "Umekuja kuniibia oksijeni?"

"Nimekuja kukuambia kitu, we Mkomunisti." Lloyd akakaa. "Siku ya uchaguzi nenda kapige kura yako. Mpe binti yako. Mimi nitabaki shambani na ngano yangu. Mkataba nakusamehe."

Nilidhani angelia. Badala yake uso wake ukabadilika rangi, akashika mikono ya kiti.

"Unanisamehe? Nimekukosea nini?"

"Orest, usianze..."

"Hapana, niambie. Mimi niende nipige, wewe ubaki? Kwa nini? Umeacha kuwa Bluu?"

"Sijaacha."

"Basi unanipa sadaka. Unamwona mzee anakufa, unamtupia kura kama mfupa." Akakohoa sana, Darlene, aliyekuwa nyuma ya kiti, akamshika mgongo, mzee akausukuma mkono wake. "Wewe unajua baba yangu walimfanya nini kwenye vita vile vya kwanza vya dunia. Alikuwa na karatasi za uraia, zimegongwa muhuri. Akaenda kupiga kura, wakamwambia umetoka nchi ya adui, yako imefutwa. Alisimama mlangoni akiwatazama majirani wakiingia. Mimi kura yangu sijawahi kunyang'anywa. Nimekuwa nikiiweka chini mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa sababu mwenzangu anaweka ya kwake. Yangu na yake, sawa kwa sawa. Leo unataka yangu iwe ya kuhurumiwa?"

"Nataka umpigie binti yako, kichwa kama kisiki!"

"Basi njoo unipinge! Twende wote au tukae wote. Hakuna la tatu."

Lloyd akasimama. Nilimwona mishipa ya shingo imemtoka. "Mimi siingii kituturini kumpinga mtoto niliyemfundisha kuendesha trekta akiwa amekaa mapajani mwangu. Siingii. Hata unifunge kamba."

"Basi tunakaa wote."

"Tunakaa!"

"Na tukae!"

Jamani, nilitamani nichukue ile pai niwapige nayo usoni wote wawili. Darlene aliwafuata kila mmoja kwa wakati wake wiki zile, akiwabembeleza, baada ya mikutano ya kampeni, amechoka, sauti imekauka. Kwa baba yake alipata jibu moja, "Mwambie Lloyd aje." Kwa Lloyd alipata jibu moja, "Mwambie baba yako aende." Mimi nilimfokea Lloyd kitandani, mezani, hata kanisani kwa sauti ya chini. Alinisikiliza, halafu akasema hawezi. Mume wangu si mtu wa kulia, lakini zile siku alikuwa anakaa muda mrefu kwenye pikapu kabla ya kuingia ndani.

Siku ya uchaguzi kulipambazuka kukiwa na jua na upepo mkavu, siku ambayo mkulima huiomba mwaka mzima. Ngano ilikuwa kavu, tayari. Nilipokuwa natoka kwenda ukumbini, nilimwona Lloyd anapanda mashine ya kuvunia katika shamba letu la kaskazini, lile linalopakana na uwanja wa ukumbi. Na pembeni mwa shamba, pikapu ya Orest. Darlene alikuwa amemleta yeye mwenyewe, maskini, kwa sababu baba yake alimwamuru. Mkataba ni mkataba, siku nzima kila mmoja amwone mwenzake. Basi mzee akaketi ndani ya pikapu na mtungi wake, akitazama mashine ikienda na kurudi, umbali wa kurusha jiwe kutoka kwenye sanduku la kura zenye jina la mwanawe.

Ukumbini tulikuwa mimi, na Einar Gustafson msimamizi wa kituo, mtu mwenye macho ya bundi anayependa sheria kuliko chakula. Watu walikuja wakiwa na makapi ya ngano nywelini, wameacha mashine zao zikiwaka, wanapiga na kukimbia. Walipopita dirishani kila mmoja alitazama ile pikapu. Hakuna aliyeuliza. Nordale nzima ilijua.

Darlene alipiga ya kwake adhuhuri kisha akaondoka kuzungukia vituo vingine. Mlangoni aliniangalia, nikatikisa kichwa kwamba bado. Alifunga vifungo vya koti lake vyote mpaka shingoni, ijapokuwa kulikuwa na joto.

Mchana ukaenda. Mngurumo wa mashine ya Lloyd ulikuwa ukiingia dirishani na kutoka, kuingia na kutoka, hata masikio yakaacha kuusikia. Kisha ukakatika.

Anayeishi mjini haelewi. Siku kavu ya mwezi wa tisa, jua bado liko juu, mtu hazimi mashine. Hazimi kwa njaa, hazimi kwa mgeni. Akizima, ama kitu kimevunjika ama mtu amekufa. Watu wote waliokuwa ukumbini waliacha pai zao wakaja dirishani. Einar mwenyewe akainuka, yeye ambaye sheria inamkataza kuacha sanduku.

"Verna, kaa," akaniambia, lakini yeye hakukaa.

Nilimwona Lloyd anaruka kutoka juu ya mashine, anakimbia katikati ya mabua, mtu wa umri wake, kofia imeanguka. Akafungua mlango wa pikapu. Akainama ndani. Akakaa hivyo. Nikasema moyoni, amekwenda. Orest amekwenda, na mpumbavu wangu amechelewa.

Halafu Lloyd akazunguka upande wa pili, akaingia, na pikapu ikaanza kuja.

Ilikuja polepole ikikata mabua, ikapita kwenye lango, ikasimama mbele ya ngazi. Lloyd akashuka. Akamtoa Orest kama mtu anavyotoa kitu cha kioo, mkono mmoja kiunoni mwa mwenzake, mkono mwingine umebeba mtungi. Vijana wawili wakataka kusaidia.

"Tuacheni," Orest akasema. Midomo ilikuwa ya bluu, lakini alikuwa anacheka. "Tuacheni, wapumbavu. Tunakuja wote wawili."

Walipanda ngazi kwa kupumzika kila hatua. Walifika mbele ya meza yangu. Nilisoma majina yao kwenye daftari la wapiga kura, nikayakata kwa kalamu na rula, mstari na mstari, kwa mara ya kwanza tangu nimeanza kazi ile. Einar akawapa karatasi. Orest akasema atatangulia kwa kuwa ni mkubwa. Lloyd akamshikia mtungi nje ya pazia, mrija umepita chini yake, na tukasubiri. Tulisikia pumzi zake. Tulisikia penseli. Alikaa mule muda ambao mtu angeweza kuandika barua ya mapenzi, na Einar, ambaye humgongea kila anayechelewa, hakugonga.

Alipotoka alikuwa ameikunja karatasi vizuri, akaitumbukiza sandukuni mwenyewe, akabaki ameweka kiganja juu ya tundu.

"Sasa wewe," akamwambia Lloyd.

Lloyd aliingia na kutoka kama mtu aliyeguswa na moto. Hakunitazama.

Tulifunga kituo jua likizama. Darlene alirudi akiwa na vumbi la barabara usoni, akasikia kwa watu wa mlangoni kabla hajaingia, akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. Wakashikana mikono. Sheria ilimruhusu mgombea kushuhudia hesabu, kwa hiyo alibaki, na watu wengine wakasimama nje kwenye madirisha, wameyafungua, wamejazana. Redio ya gari la mtu ilikuwa tayari imeshasema habari za jimbo. Bluu, kwa pumzi moja. Darlene alisikia, akatikisa kichwa, akaendelea kutazama sanduku.

Einar alilimwaga. Akaanza kufungua karatasi moja moja, akionyesha na kutaja, nami nikiandika. Bluu. Petryshyn. Petryshyn. Bluu. Bluu. Alikuwa anayasema majina ya wote kwa sauti ile ile ya kusoma bei ya mayai. Mirundo ilikuwa inapanda pamoja.

"Wekundu," Einar akasema alipomaliza. "Hakuna."

Kila jicho, la ndani na la dirishani, likanigeukia.

"Hakuna kabisa?" mtu akauliza kutoka nje. "Hata ya Verna?"

Loo! Miaka yote hiyo nimekula kiapo cha siri ya kura, na siri yangu ikaanikwa hadharani. Mwalimu wa shule, aliyekuwa dirishani, alijifunika uso na skafu. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mimi nikapiga meza kwa rula nikawaambia wanyamaze, wana nini cha kucheka, kura ni ya mtu.

"Petryshyn," Einar akaendelea, amekunja uso, "thelathini na mbili." Akahesabu rundo la pili. Akalihesabu tena. "Bluu, thelathini na mbili."

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha wakaelewa, na wote, pamoja na mimi, tukamtazama Lloyd, aliyesimama ukutani karibu na makoti.

Sikujizuia. Nilikuwa nimevumilia wiki nyingi. "Lloyd Tangedahl," nikasema, "umepiga wapi?"

"Pale pale," akasema, "nilipokuwa napiga miaka yote niliyokuwa sipigi."

"Moja! Moja tu, Lloyd! Ungemleta mzee ukakaa nje na kumshikia mtungi wake, ukumbi ungekuwa wa mtoto! Kura yake umeiua, ya Orest umeiua, na ya kwangu mkeo umeiua! Huna hata haya?"

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, yanapita kwenye vumbi la mashavu, na hakuyafuta. Darlene alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Niliona anavyojitahidi na uso wake. Alikuwa ameutaka ukumbi ule kuliko kitu chochote, na alikuwa ameufikia ukingoni kabisa.

"Anko Lloyd," akasema. "Si ulisema huwezi?"

"Nilidhani amekufa," Lloyd akasema. "Nimefika mwisho wa mstari, nikamwona kichwa kimeanguka kwenye kioo. Nikazima. Nimefungua mlango, kumbe amelala. Akafumbua macho akaniuliza, 'Mbona umesimama, ngano imekwisha?' Nikaona nitamzika mtu huyu na sijamtendea alichoniomba. Ameniomba kitu kimoja tu maisha yake yote." Akamtazama Orest. "Nikamwambia, amka twende, nakwenda kumpinga binti yako. Akacheka mpaka nikaogopa. Darlene, mwanangu, nimeshika ile penseli, mkono haukutaka. Nilitamani kukupa. Lakini ningekupa, ningemdanganya yeye."

Orest akaondoa mrija puani, akashusha pumzi, akautazama ukumbi mzima, na mwisho akanitazama mimi.

"Verna, usimfokee," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikilala na swali moja. Kila uchaguzi nimeweka kura yangu chini kwa kuamini kwamba huyu mtu naye anaweka yake. Lakini nitajuaje? Huenda hakuwa na kura ya kuweka. Huenda alikuwa hajali, anapenda karata tu. Basi ningekuwa nimezitupa zangu zote bure." Akavuta hewa. "Leo amempinga mtoto ampendaye, mbele yangu, kwa sababu ndivyo anavyoamini. Kwa hiyo alikuwa anaamini tangu siku ile ya theluji. Sikupoteza hata moja."

Lloyd alikuja akapiga goti moja mbele ya kile kiti, goti lile bovu, akamrudishia mrija puani taratibu kwa vidole vyake vinene.

"Wala mimi," akasema.

Darlene alikwenda akawashika wote wawili mabegani. Mimi nilikaa chini na rula yangu, nikamwomba Einar aandike matokeo yeye, kwa sababu nilikuwa sioni karatasi.